Kibao Si Cheo: Nani Anastahili STL, SM, DFP, CD au Jina Lake Kwenye Gari

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye gereji moja ya Nyakato, jijini Mwanza, na nyuma yake palikuwa na alama ambayo muuzaji hakuwa ameona sababu ya kuificha. Kibao kipya cha njano chenye namba inayoanza na T kilifungwa kwa skrubu mbili zinazong'aa, lakini kando yake palibaki ukanda wa rangi ambayo jua halikuwahi kuifikia, ulioonyesha kwamba kibao cha zamani kilikuwa kirefu zaidi, pamoja na matundu mawili yaliyokwisha kushika kutu. "Mzee, hili lilikuwa la halmashauri," kijana aliyekuwa akiliuza alimwambia mteja wake. "Trafiki wote wa barabara ya Musoma wanalijua, hawalisimamishi." Mzee alitabasamu kama mtu aliyepimiwa kilo ya sato kisha akaongezewa mmoja juu.

Maneno ya namna hiyo husikika kila siku kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala. Yupo anayeamini kwamba gari la DFP, yaani la mradi wa wahisani, halipigwi faini, yupo anayeamini kwamba herufi ya mwisho katika STK ya magari ya serikali ni ya wizara fulani, na tangu magari yenye majina ya watu badala ya namba yaanze kuonekana mara kwa mara Capri Point na Barabara ya Kenyatta, wapo wanaosema kwamba kibao hicho hupewa wanaojuana na wakubwa tu. Ukweli ni mwepesi kuliko minong'ono hiyo, ila inabidi uanzie mwanzo.

Tutenganishe kwanza vitu vitatu ambavyo mazungumzo yetu huvichanganya. Namba ya usajili ni utambulisho wa gari katika daftari la msajili. Kibao, au pleti namba kama wengi wetu tunavyoiita, ni bamba linaloionyesha namba hiyo barabarani. Kadi ya gari ni hati inayosema namba hiyo imeunganishwa na chesisi ipi, injini ipi na mmiliki yupi. Kibao kikianguka kwenye mashimo ya Buhongwa, namba yako haijapotea. Na kibao cha kuchongesha uchochoroni, hata kikiwa kizuri namna gani, hakizai namba ambayo haimo kwenye daftari.

Kwa magari ya kawaida ya Tanzania Bara daftari hilo hutunzwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ambayo pia hutoza kodi ya usajili chini ya Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamishaji wa Magari, Sura ya 124, iliyotungwa mwaka 1972. Mwenendo wa gari likiwa barabarani, yaani mwendokasi, leseni ya dereva, taa, matairi na ajali, uko chini ya sheria nyingine, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Naomba msomaji aushike utengano huu, kwa sababu nusu ya mkanganyiko wote inatoka hapo. Usajili unauliza gari hili ni la nani na linafanya kazi gani, ilhali trafiki aliyesimama Igoma anauliza gari hili linaendeshwaje. Aina ya kibao ni jibu la swali la kwanza, nasi tunataka itujibie la pili.

Jibu jepesi zaidi liko kwenye rangi. Gari la mtu binafsi lisilofanya biashara ya usafirishaji hubeba kibao cha njano chenye maandishi meusi, na gari linalobeba abiria au mizigo kwa malipo, kama vile teksi, daladala, basi na lori la kukodi, hubeba kibao cheupe chenye maandishi meusi. Pikipiki na bajaji nazo zina mpangilio wao unaoanza na MC, na rangi hufuata kanuni ileile, ndiyo maana bodaboda iliyopaki kituoni ina kibao cheupe, ilhali pikipiki ya mwalimu anayekwenda nayo shuleni ina cha njano. Cheupe hakimaanishi gari la mkopo, na njano haimaanishi gari lililolipiwa kodi zaidi. Kinachoamua ni matumizi. Noah ileile, rangi ileile, injini ileile, inastahili njano ikiwa inapeleka watoto wa mwenyewe shule, na inastahili nyeupe siku inapoanza kuita abiria wa Magu. Mwenye nayo akibadili kazi anapaswa kubadili usajili, na kwa usafiri wa abiria anapaswa pia kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Wanaobaki na njano huku wakipakia abiria hawajapata ujanja wowote. Wanabeba watu kwa gari ambalo kwenye karatasi halibebi watu, na siku ya ajali ndipo bima huanza kuuliza maswali.

Sasa tuingie kwenye herufi zinazoogopwa. Namba za serikali kuu huanza na ST, ambazo ni Serikali ya Tanzania, kisha hufuata herufi ya tatu, na hapo ndipo tunapoziona STK na STL. Herufi hiyo ya tatu si kifupi cha wizara. Kaa nusu saa tu nje ya ofisi za mkoa uone: gari la elimu, la kilimo na la ardhi yote yanaweza kuwa na STL, na jirani yake wa idara hiyohiyo akawa na STK. SM ni Serikali za Mitaa, na ndizo utakazoziona kwenye magari ya halmashauri, kuanzia Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela hadi Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na ng'ambo kule Ukerewe. SU ni Shirika la Umma. PT ni Polisi Tanzania, MT ni Magereza, JW ni Jeshi la Wananchi. Upande wa Zanzibar, ambako gari la kawaida huanza na Z, serikali hutumia SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nani anastahili hizo? Hakuna mtu anayestahili. Sisemi hivyo kwa mzaha. Mwenye kustahili ni taasisi iliyolinunua au kulipokea gari, ikalisajili kama mali ya umma, na mkurugenzi, mganga mkuu au afisa kilimo anayelipanda hastahili kibao hicho zaidi ya dereva wake au zaidi ya mfuko wa mbolea ulioko nyuma. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria sare ya shule: ni ya mwanafunzi kwa kuwa shule imemsajili, na mjomba akiivaa hapati haki ya kuingia darasani. Ndiyo maana ofisa anayestaafu huliacha gari ofisini, na ndiyo maana hawezi kukihamishia kibao cha SM kwenye Prado yake mwenyewe hata awe ameitumikia halmashauri miaka 30.

Viongozi wa kitaifa wana vibao vyao, na hapo msemo wa "kibao cha cheo" una ukweli kidogo. Gari la Rais hubeba nembo ya taifa mahali pa namba, na mawaziri na naibu wao wana herufi zinazotaja wadhifa. Hata hivyo ni wadhifa unaotajwa na si jina la mtu. Asubuhi baada ya mabadiliko ya baraza, kibao kinabaki na mwingine.

Linalowasumbua watu zaidi ni kama vibao hivi vinampa dereva ruhusa ya kupita popote. Niliwahi kusimama kivukoni mchana mmoja wa jua kali nyuma ya lori la samaki ambalo barafu yake ilikuwa ikidondoka tone kwa tone chini ya bodi na kutengeneza kijito kwenye vumbi, na gari moja la serikali likaja, likatupita sote, likaingia wa kwanza. Mwenye samaki alinigeukia akasema, "Kaka, huyo ana STL, utamfanya nini?" Nilinyamaza, na hadi leo najutia kunyamaza kwangu, kwa sababu jibu lipo. Kama kuna utaratibu wa kupisha magari fulani, unatoka kwa wasimamizi wa kivuko. Usajili wa gari hauuzungumzii. Barabarani vilevile, kinachompa mtu kipaumbele ni dharura anayoihudumia, ikitangazwa kwa king'ora na taa za kuwaka na kuzima. Gari la wagonjwa la hospitali binafsi lenye namba ya kawaida ya T likiwa linakimbiza mama mjamzito Bugando linapishwa na wote, likiwemo lenye STL. Na gari la wagonjwa lenye SM linaporudi tupu kituoni bila king'ora linasubiri taa nyekundu kama Vitz yoyote.

Kundi linalofuata ni la wahisani na wageni. DFP ni kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mradi unaofadhiliwa na wahisani. Huku kwetu ukanda wa ziwa tumeizoea kwa sababu miradi ya afya, maji, uvuvi na utafiti haikauki. Ili gari listahili herufi hizo sharti pawe na mradi wenye makubaliano na serikali, na gari liwe limeingizwa kwa ajili ya kazi ya mradi huo. Kwa kawaida gari hilo limeingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo ndio kiini cha kibao. Serikali ilikubali kutotoza kodi kwa kuwa gari litabeba chanjo au vipimo vya maji. Haikukubali kumpunguzia bei ya gari mtu binafsi atakayelitaka baadaye. Ndiyo maana mradi ukifika mwisho gari haliwezi tu kubadilishiwa kibao na kuuzwa kwa shemeji wa mhasibu. Ama linakabidhiwa kwa taasisi ya umma na kupata herufi za taasisi hiyo, ama linahamia mradi mwingine unaostahili, ama linauzwa kwa utaratibu, kodi iliyosamehewa inapigiwa hesabu na kulipwa, kisha linapata namba ya T. Fikiria mtu aliyeazimwa jembe na jirani kwa ajili ya shamba la kijiji: msimu ukiisha hawezi kulipeleka mnadani.

CD nayo ni ya kibalozi, kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya jumuiya ya wanadiplomasia. Balozi na maofisa wake ndio wanaostahili, na pia mashirika ya kimataifa ambayo nchi imeyapa hadhi ya aina hiyo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema vyombo vya usafiri vya ubalozi havipekuliwi wala kukamatwa na dola mwenyeji, na hapo ndipo uvumi wa gari lisiloguswa unapoanzia. Wanaoueneza uvumi huo hawafiki kwenye kifungu cha 41 cha mkataba huohuo, kinachowataka wote wenye kinga kuheshimu sheria za nchi waliyomo. Taa nyekundu ni nyekundu kwa balozi pia, ila akiipita njia ya kumfuatilia hupitia wizara ya mambo ya nje. Tena kinga ni ya wageni hao na ujumbe wao. Mtanzania aliyeajiriwa kuendesha gari hilo haiokoti kinga kwa kushika usukani, na leseni yake inakaguliwa kama yangu na yako.

Kabla sijafika kwenye majina ya watu, niseme neno kuhusu magari ya majirani. Namba zinazoanza na K, U au R kwenye malori yanayolala Mwanza yakitoka Sirari, Mutukula au Rusumo hazina umaalumu wowote. Ni namba za kawaida za Kenya, Uganda na Rwanda, na gari limeingia kwa kibali cha muda kilichotolewa mpakani.

Sasa majina. Nenda Mwaloni pale Kirumba alfajiri, dagaa wakiwa wanashushwa, uangalie ubavu wa mitumbwi. Mmoja umeandikwa SUBIRA, mwingine MUNGU HUTOA, na mahali pengine kwenye mbao hizohizo, kwa rangi iliyochoka zaidi, pana namba ya usajili. Jina kaliandika mwenye mtumbwi bila kuomba ruhusa kwa mtu, na namba kapewa. Siku mtumbwi ukipotea, doria hawatafuti SUBIRA, maana SUBIRA ziko nyingi kutoka hapa hadi Ukara, wanatafuta namba. Kwenye gari, namba binafsi ni ruhusa ya kulipandisha jina kwenye kiti cha namba, na kwa kuwa jina hilo sasa linafanya kazi ya utambulisho, haliwezi kuwa la watu wawili.

Anayestahili ni mmiliki yeyote wa gari lililosajiliwa, aliye tayari kulipa, na aliyechagua maandishi ambayo hayajachukuliwa na mwingine. Hapahitajiki cheo wala barua ya mkubwa. Ombi linapelekwa TRA, na kinachowachuja watu ni ada. Bajeti ya mwaka 2016/17 iliipandisha kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu, wakati usajili wa gari la kawaida ulipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000 na wa pikipiki kutoka 45,000 hadi 95,000. Viwango vya namna hii huguswa na Sheria ya Fedha bajeti inaposomwa kila Juni, kwa hiyo anayejiandaa kulipa aulizie TRA kiwango cha mwaka wake na asitegemee alichosikia harusini.

Yasikilize tena yale maneno "kila miaka mitatu", maana ndiyo yanayosahaulika. Mwenye jina lake kwenye kibao hajalinunua. Amelipanga, kama mfanyabiashara alivyopanga kizimba sokoni. Kodi ikiisha bila kulipwa, kizimba si chake tena, hata kama jina la duka lake bado limeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Namba ya kawaida ya T haina kodi ya pango. Inalifuata gari tangu lisajiliwe hadi liwe chuma chakavu, hata likiuzwa mara tano kutoka Mwanza hadi Mtwara, na kinachobadilika ni jina la mmiliki kwenye kadi.

Kuna kosa dogo linalozaliwa hapa. Kwa kuwa ada ya namba binafsi hulipwa kwa vipindi, baadhi ya watu huiita "road license" na kusema wenye namba maalumu ndio waliobaki kuilipa, au kinyume chake, kwamba ndio pekee waliosamehewa. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa kwa wote katika bajeti ya 2017/18, na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza ya ushuru wa mafuta ya shilingi 40 kwa lita. Leo kila anayejaza tangi analipa, awe na MC ya bodaboda au jina lake la ukoo mbele na nyuma.

Je, jina linamficha mwenye gari? Wapo wanaolipa mamilioni wakiamini hivyo, nami nadhani wangepata faraja zaidi kwa kununua pazia. Jina limo kwenye daftari lilelile pamoja na chesisi na mmiliki. Trafiki akiliingiza kwenye mfumo wa makosa ya barabarani, deni linakaa pale hadi lilipwe kama la mwingine yeyote. Zaidi ya hapo, kati ya magari 200 ya T yaliyopita Mkuyuni asubuhi shahidi hakumbuki hata moja, ila lililoandikwa jina atalikumbuka hadi mahakamani.

Wala tusichanganye namba maalumu na kibao kilichopambwa. Vile vibao vya herufi zilizotuna ambavyo vijana wanaviita "namba za 3D" si aina ya usajili. Namba ni ileile ya T. Kilichobadilika ni fundi. TRA ina watengenezaji wa vibao iliowaidhinisha, na ukitoka nje ya hao umelipa fedha ya ziada ili upate sababu ya kusimamishwa.

Turudi Nyakato, maana gari lile bado linauzwa. Magari chakavu ya umma huuzwa kwa mnada wa hadhara, na hakuna aibu kulinunua. Wengine wamepata magari imara kwa njia hiyo. Lakini siku nyundo ilipogonga, herufi za SM zilitakiwa kung'olewa pamoja na kila kilichodhaniwa kuja nazo, na gari likaanza maisha mapya ya T kwa karatasi tatu ambazo mnunuzi wa leo anapaswa kuziona kwa macho yake: hati ya mnada inayotaja chesisi, stakabadhi ya malipo, na kadi ya gari yenye chesisi hiyohiyo na jina la anayeuza, au la mtu aliyempa mamlaka ya kuuza kwa maandishi. Chesisi isipofanana kwenye zote tatu, bei nzuri si bei nzuri tena.

Nilimwambia mzee hayo kwa sauti ya chini, tukiwa tumeinama pamoja nyuma ya gari kama watu wanaotafuta sarafu iliyodondoka. Aliweka kidole gumba kwenye tundu moja la kutu, akalisugua, akaangalia ile rangi iliyobaki kwenye ngozi. Kisha akanyanyuka na kumwomba kijana kadi ya gari. Kijana akasema kadi iko nyumbani, Buswelu, ataifuata kesho, lakini advansi inaweza kutangulia leo.

Mzee akatoa kidole kwenye tundu, akakifutia kwenye suruali, akasema basi na yeye atarudi kesho.